Dada Alikalia Begi Langu

Nilikuwa nimeshavuka geti, begi begani, dada yangu ananifuata na kandambili zake, ananisindikiza huku ananisema. Kila nikisafiri hunisema. Nimezoea.

"Mbona unasimama simama?"

"Nafunga kamba."

"Viatu vyako havina kamba, kaka."

Akanigeuza. Shati lilikuwa limelowa jasho, na jua halijachomoza vizuri. Akaita teksi. Nilidhani tunaenda stendi, kumbe hospitali, idara ya dharura.

"Kifua kinauma, babu?" nesi akauliza.

"Hakiumi."

Sikudanganya. Maumivu nayajua: nimewahi kuvunjika mguu, nimeng'olewa meno bila ganzi. Hiki kilikuwa kitu kingine.

"Huyu tunamwita Miguu," dada akasema. "Akiona mlango tu, katoka."

Nesi akacheka. "Haya, tuache kuuma. Nionyeshe tu unavyojisikia."

Nikakunja ngumi, nikaibana katikati ya kifua. Kicheko chake kikakatika. Akanilaza, akanibandika nyaya, mashine ikachora moyo wangu kwenye karatasi. Akanipa aspirini nitafune.

Daktari akaja, kijana wa macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaitazama karatasi. "Iko sawa."

Nikashusha miguu. "Si mmesikia? Basi langu linaondoka."

"Sawa kwa sasa, mzee wangu. Moyo huwa unaficha. Tupime damu, turudie na mashine. Ukitoka sasa, unaweza kuangukia njiani."

Nikatafuta begi. Dada alikuwa amelikalia, mikono kaikunja, machozi yanamtoka kimya kimya.

"Miaka yote nakusindikiza, sijakuzuia hata siku moja," akasema. "Leo nakuzuia."

Nikarudisha miguu kitandani. Akanishika kidole gumba, kama zamani tulipokuwa tukivuka barabara, yeye mdogo, mimi mkubwa.

Karatasi ya pili ilisema mengine. Mshipa wa moyo ulikuwa unaziba. Wakanisukuma mbio kwenda kuuzibua, dada pembeni yangu, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu.

Mshipa ulizibuka. Daktari alikwenda kusomea mambo ya moyo. Nesi yuko wodi ya watoto siku hizi. Kandambili haikupatikana. Begi langu dada amelifanya la kuhifadhia mablanketi. Mimi nameza vidonge asubuhi, natembea mpaka sokoni, narudi.