Karatasi ya Kijani

Ummukulthum aliwadharau wale Wamarekani kwa moyo mmoja. Wiki nzima, akirudi kwake Woolwich, London, kutoka kwa wazee anaowatunza, alikuwa akimsimulia binti yake Miska, naye Miska akimchapia kwa Kiingereza insha ya darasa la jioni la mama: uchaguzi wa gavana wa jimbo, Marekani, karne ya kumi na tisa. Kila chama kilichapisha karatasi zake za kura kwa rangi yake, na mtu akaitumbukiza yake sandukuni huku tajiri wake akimkodolea macho.

"Andika walikuwa wanaume suruali," alisema. "Ndevu mpaka kifuani, wanatetemekea karatasi!"

Jumapili ukafika uchaguzi wa jumuiya ya Wazanzibari. Himid, mwenyekiti kwa miaka kumi na mitano sasa, mtu wa kujifukiza udi na kujisifu, aliamua kila mgombea aje na karatasi zake, eti kupunguza kazi. Zake kijani. Za Musab, fundi umeme aliyethubutu kumpinga, nyeupe. Sanduku lenyewe lilikuwa bakuli kubwa la plastiki la kubebea biriani, unaona mpaka chini, na Himid kakaa ubavuni mwake kama bibi harusi.

Ummukulthum nusura acheke. Mpuuzi huyu, hata hila zake za kizamani! Nyeupe yake ilikuwa mkobani tangu asubuhi.

Zamu yake ikafika.

"Bi Ummu," Himid alimwambia kwa upole, "mama bado kalazwa Lewisham? Mungu amuafu. Na lolote litakalotokea, sisi tupo."

Sisi, yaani yeye. Ndiye mwenye orodha ya waoshaji, gari la maiti na nafasi za makaburini. Mwaka jana familia moja iliyomkosea ilihangaika na maiti wao siku nne. Na mama leo siku ya tatu hali kitu.

Mkono uliingia mkobani, ukatoka mtupu. Himid akamnyooshea ya kijani. Ummukulthum akaitumbukiza, akasema ahsante. Ile ahsante ilimchefua kuliko kura yenyewe.

Nyeupe zilipatikana tatu tu.

Nyumbani, Miska alikuwa kwenye kompyuta.

"Mum, ile sentence ya wanaume suruali, niiache au niifute? Naona ni kali sana."

Ummukulthum alikuwa hajavua hata buibui.

"Iwache," alisema. "Uongeze na wanawake."