Kuni Zilizozidi Hesabu

Evelina alipima kuni za kaya ishirini katika kijiji kimoja juu ya Lushoto, njia ya kupandia Magamba, na kaya kumi na tisa hazikumpa taabu yoyote. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na mizani yake ya kuning'iniza, akapima rundo la kuni, akachomeka pini za kipima unyevu kwenye gogo, kisha akauliza jana mlipika nini. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na kazi yake ilikuwa kuunda modeli: uiambie watu wamepika nini na kuni zina unyevu kiasi gani, nayo ikuambie zimeungua kilo ngapi.

Kaya ya ishirini ilikuwa ya Esteria, ambaye wote walimwita Mama Yohane. Watoto wake walikwisha kuoa na kuolewa, akabaki na mumewe, Mzee Aron. Watu wawili, jiko banifu moja la udongo, kuni kavu za miti ya miwati. Modeli ilisema kilo nne kwa siku. Mizani ilisema saba. Kwenye mchoro, nukta za wengine zilijipanga kando ya mstari kama waumini kwenye benchi, na nukta ya Mama Yohane ilikaa juu peke yake kama mbuzi aliyepanda paa.

Msimamizi wake, Dokta Twaha, alimwambia kwenye simu, "Ama mizani yako ni mbovu, ama mama huyo anakuficha chakula."

Evelina aliijaribu mizani kwa pakiti ya sukari ya kilo moja. Ilikuwa nzima. Akaziba nyufa za jiko kwa udongo. Kuni zikaendelea kuisha. Mwishowe akajipa moyo akauliza.

"Samahani, mama. Hakuna kitu kingine mnachopika, labda mmesahau kuniambia?"

Esteria alikuwa anamenya viazi, akaacha. "Mwanangu, asubuhi uji, jioni maharage. Mchana niko shambani bondeni na kabichi zangu, tangu saa mbili mpaka saa kumi. Kuni hizo nazibeba kwa mgongo huu toka ukingo wa msitu. Unadhani nazila?"

Evelina aliomba radhi. Lakini Esteria naye alishikwa na wasiwasi, akaona ni mwizi. Akatia alama ya chaki kwenye kila gogo. Kesho yake magogo matano yenye chaki hayakuwepo. Mzee Aron, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, aliliangalia rundo kwa muda mrefu.

"Nitalinda mimi," alisema. "Niko nyumbani mchana kutwa. Akija nitamshika."

Alilinda wiki nzima. Kuni ziliendelea kupungua, na mwizi hakuonekana.

"Huenda ni baridi," alimwambia Evelina kwa upole. "Moto wa huku milimani unakula kuni kuliko wa Tanga mjini. Hilo umeliweka kwenye hesabu yako?"

Evelina alikuwa hajaliweka. Alikaa siku mbili akiingiza baridi, kisha upepo, kisha kimo cha mlima. Nukta kumi na tisa zikahama zote kutoka mahali pake, na ya Mama Yohane haikutikisika. Akarudisha vyote vilivyokuwa. Kwa kukata tamaa akaongeza namba moja ya kuzidishia, ya nyumba ile tu, akaipa jina "kigezo cha Esteria." Dokta Twaha alimwambia aifute kabla mtu mwingine hajaiona.

Ndipo alipoleta kirekodi joto, kitu kidogo kama kifungo cha koti, kinachoandika joto la jiko kila dakika. Siku hiyo Mzee Aron alikuwa kwenye kikao cha kanisa. Evelina alimweleza Esteria kazi yake, Esteria akakubali, akatia saini.

"Na baba je? Nimsubiri nimweleze?"

"Nitamwambia mimi," alisema Esteria. Hakumwambia, kwa sababu hakuona jiko linamhusu nini. Mzee Aron alikuwa na imani kwamba mwanamume hana shughuli jikoni, na imani hiyo aliitangaza hata pasipo kuulizwa.

Jumamosi iliyofuata Evelina alikichomoa kile kifungo, wakaketi barazani na kompyuta. Mzee alikuwa ametoka. Mchoro ulionyesha kilima kidogo cha asubuhi, cha uji, na kilima cha jioni, cha maharage. Katikati, toka saa nne mpaka saa sita, ulisimama mlima mwingine. Ulikuwepo kila siku isipokuwa Jumapili.

"Hapa mama uko shambani," alisema Evelina.

Esteria aliisogelea kompyuta. Hakuwahi kusoma mchoro maishani mwake, lakini moto alikuwa ameusoma miaka arobaini. Akafuata mstari kwa kidole. "Ona, unapanda, halafu haubaki juu. Unashushwa kidogo, unapandishwa kidogo. Mtu anavuta kuni, anarudisha." Akaondoa kidole. "Huu si moto wa maharage. Huu ni moto wa chapati."

"Chapati?"

"Kuna mwanamke anapika chapati kwenye jiko langu."

Jumatatu Esteria alitoka na jembe saa mbili kama kawaida. Saa nne na nusu alikuwa amechutama nyuma ya migomba na Evelina, ambaye hakutaka kuja, lakini aliambiwa kwamba mashine iliyoleta maneno ni yake. Moshi ulitoka jikoni. Esteria aliusukuma mlango kwa mpini wa jembe.

Mzee Aron alikuwa amejifunga khanga ya mkewe kiunoni, na unga umemfika kwenye nyusi. Kando yake kulikuwa na chapati, zimepangwa juu ya sinia kwa unadhifu wa vitabu vya nyimbo. Alimtazama mkewe, kisha akageuza ile iliyokuwa kikaangoni, kwa sababu ilikuwa inaungua.

"Yuko wapi?" aliuliza Esteria.

"Nani?"

Wakati huohuo Tatu, mwenye mgahawa wa njia panda, aliingia na kapu lake. "Mzee Aron, leo umechelewa kidogo, wateja..." Akaona. "Shikamoo, mama."

Esteria aliziangalia zile chapati. Kila jioni akitoka shambani alipitia kwa Tatu kununua chapati nne za kulia maharage. Kila jioni alizisifu. Mume wake alizila kimya, na mara mojamoja alisema zimezidi chumvi.

"Ulijifunzia wapi?" aliuliza hatimaye.

"Kambi ya wapasua mbao. Ile miaka miwili."

"Uliniambia ulikuwa unapasua mbao."

"Nilipasua siku tatu," alisema Mzee Aron. "Mpishi akaugua."

Esteria alichukua chapati moja akaimega, akatafuna taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewaambia akina mama wa kwaya. Na tena..." Alikung'uta unga mikononi. "Jioni ukizisifu, nilikuwa najisikia vizuri. Nikaona ukijua ni zangu utaacha."

Kwa hilo Esteria angeweza kulainika, na Evelina aliona uso unaanza kulainika. Kisha Esteria akakumbuka chaki.

"Ukanilindia kuni," alisema. "Unazichoma wewe, na mgongo unaozibeba ni wangu."

Mzee Aron aliutazama mgongo wa mkewe. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo hakuwahi kulifikiria, na kwamba sasa lilimwuma kuliko kukutwa na khanga. Akazima moto. Mchana ule alipanda ukingo wa msitu na panga na kamba, mchana kweupe, watu wakimwona, akarudi na mzigo uliompinda kiuno. Alikwenda tena Jumatano.

Evelina alihitaji kujua chapati moja inakula kuni kiasi gani, akaomba ruhusa ya kupima. Mzee alikubali kwa sharti kwamba asitajwe jina. Asubuhi ya kipimo alikanda unga mbele ya saa na mizani, jasho likimtoka. Esteria aliahirisha kabichi, akaleta kigoda, akaketi mlangoni.

"Moto wako mkubwa," alisema.

"Mama, tafadhali," alisema Evelina. "Kipimo hakiruhusu kumwelekeza mpishi."

"Simwelekezi. Nasema tu moto ni mkubwa."

Mzee Aron alivuta kuni moja nje kidogo. Evelina alitazama saa, akaandika.