Mlango wa Kambo

Kwa miaka minne mama mshonaji aliingia kwenye gari la mumewe kwa mlango wa dereva, kisha akajivuta juu ya gia, gauni kalikusanya mkononi, mpaka kiti cha abiria. Mlango wake ulipondwa na geti siku ya upepo, na tangu hapo ulifungwa kwa kamba. Watoto walivunjika mbavu kwa kucheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Gari lilikuwa kuukuu, rangi ya maziwa, na umri wake ulilingana na wa ndoa yao. Watoto wote watatu waliletwa nyumbani kutoka hospitali ndani ya gari hilo. Sasa mumewe, dereva mstaafu, alikuwa amekata tamaa. "Gari la kufunga kwa kamba si gari, ni banda la kuku," alisema, na alikwisha kumwambia mnunuzi wa vyuma chakavu aje kulichukua Ijumaa asubuhi.

"Na mlango ukifunga kabla ya Ijumaa?" mkewe akamuuliza.

"Ukifunga, haliondoki. Lakini mama watoto, usijichoshe bure."

Kumwambia mwanamke yule asijichoshe ni sawa na kumtuma kazini. Jumatatu alirudi na mlango wa gari kama lile, aliouchimbua kwenye lundo la mabaki, wa kijani, kutu imeula chini. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa mabodi ya magari aliyeitwa Nyundo, akauzunguka mara mbili. "Huu ni mlango wa kambo, shemeji. Hautaipenda nyumba hii."

"Utazoea. Hata mimi nilikuja humu mgeni."

Akauparua uani kwa brashi ya waya mpaka kope zikawa nyekundu kwa vumbi la kutu. Sehemu iliyooza aliishughulikia kama pindo lililochakaa: akaikata yote, akachora kiraka kwenye boksi, akakikata kwenye bati, na Nyundo akakichomelea. Ikafuata puti ya kuziba mashimo, ikafuata msasa, kisha rangi ya maziwa, iliyopakwa mara tatu. Jumatano jioni mlango ulikuwa umeegemea ukuta, unameremeta. Mumewe akapita na gazeti lake, akajifanya haoni.

Alhamisi wakautundika, nao ukagoma. Kona ya chini, upande wa nyuma, iligota kwenye bodi, na rangi mpya ikabanduka.

Nyundo akashika kiuno. "Shemeji, umepaka rangi kabla ya kuujaribisha? Wewe?"

Mama mshonaji alikuwa amemaliza miaka thelathini akiwafokea wanafunzi wake: nguo hushikizwa kwanza, mteja akaivaa, ndipo ikashonwa. Safari hii tamaa ya kuona rangi ilikuwa imempofusha.

"Mganga hajigangi," Nyundo akacheka, kisha akainua nyundo. "Nisogezee hapo, niigonge kona irudi ndani."

"Weka chini! Gauni likimbana mteja, unampiga mteja?"

Aliona aibu, masikio yakamwaka, na aliogopa kweli kweli. Kesho ilikuwa Ijumaa. Lakini mikono yake haikuogopa. Ikaingia mfukoni mwa aproni, ikatoka na chaki ya kushonea. Akaipaka kwenye ukingo wote wa mlango, akausukuma taratibu mpaka ulipokwama, akaufungua. Kwenye bodi lilibaki doa moja tu la chaki, chini kule nyuma.

"Haujapinda," akasema. "Umeinama nyuma. Legeza bawaba ya chini."

Akakata kipande cha bati la kopo la rangi, Nyundo akakipachika nyuma ya bawaba, wakakaza. Chaki tena. Doa likapungua. Kipande cha pili. Akapaka chaki, akausukuma mlango kwa kidole kimoja.

Ta!

Barazani, gazeti likashuka. Mzee akachungulia, kisha akalinyanyua tena. Lakini usiku ule alilala akitabasamu, na mkewe alimwona.

Ijumaa asubuhi mnunuzi wa vyuma alifika na lori na mnyororo, akakuta gari linaunguruma, mzee kavaa shati la kazini lililopigwa pasi.

"Nimekuja kuchukua mzigo," akasema mnunuzi.

"Subiri kidogo, napakia abiria."

Mzee akazunguka mbele ya gari, akamfungulia mkewe mlango. Mama mshonaji akaingia wima, gauni lake halijakusanywa, akaketi, akauvuta mlango mwenyewe. 

Mumewe akashika usukani, akauliza swali alilowauliza abiria wake wote maishani, na ambalo hakupata wa kumuuliza kwa miaka minne.

"Umefunga vizuri?"

Ulifungwa vizuri sana. Hata hivyo akaufungua tena, akamtazama yule mwenye mnyororo, akaufunga mara ya pili, kwa nguvu, ili naye asikie.