Viatu vya Watu, Miguu ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi viatu, na kwa miaka kumi na tisa amekalia kigoda kimoja barazani, nyuma ya ukuta wa chumba changu cha kushonea. Mimi huku nakanyaga cherehani, yeye kule anagonga soli. Tunasikiana siku nzima bila kuonana, mchana tunakula, tunarudi kila mtu upande wake. Watoto wameshaoa na kuolewa, wamekwenda zao. Nilidhani hayo ndiyo maisha na yananitosha. Jumapili moja akaweka kijiko chini katikati ya chakula akasema, "Mama watoto, nimechoka kukaa."

Nikamuuliza kachoka kukaa, au kachoka kukaa na mimi. Akasema hapana, amepata wazo la biashara.

Wazo lenyewe hili hapa. Watu wananunua viatu vipya, halafu wiki mbili nzima wanachechemea, visigino vimechubuka, wanamnunia kila mtu. Yeye atavivaa kwa niaba yao, avitembeze mpaka vilainike, kisha awarudishie. Nilicheka mpaka maji yakanipalia.

"Nani mwenye akili timamu anunue kiatu kipya akupe wewe ukitie jasho?"

"Nitavaa soksi," akasema, kana kwamba ndilo swali nililouliza.

Mama yake anaishi nasi, chumba cha mwisho, na sikio lake halipitwi na kitu. Akatoka na viatu vyake vipya, anatembea kama anakanyaga misumari, akatangaza kwamba wazo ni zuri mno na yeye ndiye mteja wa kwanza. Nikasema mwenye malengelenge hapigi kura. Akaninunia.

Niseme ukweli, soksi hazikunikosesha raha. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa akisema anataka kutembea, mkewe lazima ajiulize anatembea kwenda wapi. Usiku ule nilijiona nimebaki na cherehani na mama mkwe, sisi watatu tunazeeka pamoja. Kulipokucha nikatoa masharti: majaribio ya wiki moja, jozi tatu tu. Jumamosi tunaamua. Ikifaa, kigoda anakigawa na anatembea anavyotaka. Isipofaa, anarudi kukaa, na habari ya kutembea nisiisikie tena.

Wateja hawakukawia. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta viatu vyeusi vya kamba. Muuguzi wa zahanati akaleta vyeupe. Dalali wa mahakama, yule anayebeba makochi ya watu, akaleta buti za kahawia. Sasa mume wangu ana miguu midogo, hapo Mungu alimbania kidogo. Vya muuguzi vilimkaa sawasawa. Vya mwalimu mkuu alivivaa kwa soksi jozi mbili, na buti za dalali kwa jozi nne na gazeti.

Asubuhi alitoka na vyeusi, mchana na vyeupe, jioni na buti. Alirudi jasho linamtiririka na anapiga mluzi, mtu ambaye sikuwahi kujua kama anaweza kupiga mluzi.

"Umekwenda wapi?"

"Huko na huko."

"Huko na huko ndiyo mtaa gani?"

"Pande zote tu, mke wangu."

Nikanusa shati lake. Lilinukia rangi ya viatu, kama siku zote. Hilo nalo halikunituliza.

Mama mkwe aliponiona nimeshika shati vile, akasahau kuninunia. "Usijisumbue na shati. Subiri viatu. Baba mkwe wako alipofariki, viatu vyake nilimpa msoma mita za maji. Yule bwana alikuja kula chakula cha mchana hapa mwaka mzima, na hakujua kwa nini. Akiketi anajishangaa. Ikabidi tuvichome."

Siku nyingine ningesema mama anazeeka. Siku ile nikamwekea mto mgongoni, nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo.

Jumamosi saa moja asubuhi wateja wote watatu walifika. Mwalimu mkuu alivaa, akatembea barazani, akasema ni kama hajavaa kitu. Muuguzi alilengwalengwa na machozi. Dalali aliruka mara mbili, baraza likatikisika. Mume wangu akanitazama kwa jicho la kusema, unaona? Mimi nikachukua kikapu, nikajitia naenda sokoni, nikamfuata mwalimu mkuu.

Alikuwa anawahi kikao cha wazazi, na shule iko kulia. Alipofika njia panda akakata kushoto. Akasimama, akaikazia macho miguu yake kama anavyowakazia wanafunzi waliochelewa. Miguu haikujali. Akapita posta, akaruka mtaro, akazunguka pale wanapoosha magari. Mbele kulikuwa na nyumba ya kijani ya fundi cherehani mwenzangu, mjane, mwenye sauti laini kama ya kwenye redio. Alipoikaribia nikakikumbatia kikapu changu. Nikasema basi, nimekwisha.

Akaipita bila hata kugeuza shingo.

Kisha akaingia uchochoro ninaoujua, akapenya katikati ya tangi la maji na kamba yangu ya kuanikia, akasimama nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya dirisha la chumba changu cha kushonea, ambalo nikishona silitupii jicho. Akatulia. Kabla sijapata la kusema, muuguzi akatokea upande wa pili, na dalali akaja akihema kutoka wa tatu. Wakajipanga wote, wanatazama ndani kiti changu kitupu. Chini ya dirisha majani yalikuwa yameisha kabisa, udongo umeshindiliwa kwa nyayo za wiki nzima: za kamba, za muuguzi, za buti.

"Mnaangalia nini?" nikawauliza.

"Samahani, mama," mwalimu mkuu akasema. "Hatujui. Ila miguu inataka tungoje kidogo."

"Kuna mtu anatakiwa akae pale?" muuguzi akauliza.

Dalali akasema katika kazi yake hajawahi kusimama dirishani bila kuona kitu cha kubeba, na leo hataki kubeba chochote. Ilimtisha, maskini.

Mume wangu akaja akiwa amemshika mama yake mkono. Nikamwonyesha udongo kwa kidole. "Hapa ndipo huko na huko?"

Akainama. "Nilikuwa natembea kweli. Natoka nimekusudia kwenda mbali kabisa. Nikifika posta nasema, ngoja nikamtazame mara moja, halafu niendelee."

"Utazame nini?"

"Miaka kumi na tisa nakusikia tu ukutani," akasema. "Sikujua kama ukitunga uzi kwenye sindano unatoa ulimi."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali ya wiki nzima. Nikaweka kikapu chini, yakabaki humo humo.

Tukafanya kikao pale pale nyuma ya nyumba. Mama mkwe akasema biashara imeshindwa, wateja hawafiki kazini. Mwalimu mkuu akaomba uamuzi uahirishwe, akashindwa kueleza sababu. Wote wakanigeukia mimi.

"Biashara hii hatuifanyi," nikasema. "Na wewe ukitaka kunitazama, lete kigoda chako ndani. Upite mlangoni kama watu."

"Na viatu vyangu mimi nani atavilainisha?" mama mkwe akauliza.

Mume wangu akaleta kigoda, akakiweka karibu na mashine, akaketi, nyundo magotini. Nikakaa kwenye kiti changu. Dirishani wale watatu hawakuondoka. Nikachukua sindano na uzi. Uzi ukakataa mara ya kwanza, ukakataa ya pili, ukakataa ya tatu, kwa sababu sasa nilijua habari ya ulimi na nilikuwa nimeufungia mdomoni.

"Utoe tu," mume wangu akasema polepole.

Nikautoa. Uzi ukapita, na nje nikasikia jozi tatu za viatu zikigeuka, kila moja ikashika njia ya kazini.