Posti ya Tatu Haijajibu

...na kwa nini basi ameifunika, yeye Mutai ambaye miaka miwili mizima amekuwa akirusha dadu waziwazi katikati ya meza ya mchezo wao wa hadithi, kila mtu aione kwa macho yake, asije mtu akasema msimulizi kampendelea huyu kamwonea yule, kwa nini leo ameigubika kwa kikombe cha chai ya karaki akachungulia peke yake kama mwizi, ni hofu alikuwa anaitafuta, ndiyo, kwa sababu Ijumaa iliyopita jitu la vichwa viwili lilimjia Tom kwenye hadithi na Tom akapiga miayo, "Buda, hatuogopi, tunajua utatuokoa," na Mutai akapandwa na hasira akawafukuza wote humu chumbani mwake, kisha wiki nzima amesimama getini pale The Pearl anakolinda, anawaza, mtu huogopa nini hasa, akajijibu mwenyewe kama anavyojifundisha kila kitu, mtu haogopi meno, huogopa kimya, kwa hiyo leo hakuna majitu, leo wachezaji ni walinzi wa jengo refu lisiloisha, Pamela posti ya kwanza, Tom ya pili, Gakii ya nne, na ya tatu ni mlinzi asiyechezwa na yeyote, kila saa anaitwa kwa redio na dadu humjibia, ikija moja hatajibu tena, ikija namba nyingine yuko salama...

"Posti ya tatu, jibu," anasema Pamela, kiganja mdomoni kama redio kweli, na Gakii ameacha kutafuna, Tom hapigi miayo, imefanya kazi, Mutai, imefanya kazi, mbona basi hukiinui kikombe, chini yake kuna moja na hakuna aliyeiona ila wewe, sema tano, nani atajua, niko sawa ova, Pamela acheke, mle chapati zake... niko sawa ova, ndivyo Laban alivyozoea kujibu, sauti ya kuvuta kama mtu aliyelala chali, Laban kaka yake Pamela, posti ya tatu ya kweli, hapana, hakuwaza hilo alipokuwa akichora ghorofa kwenye karatasi, alihesabu tu moja mbili tatu nne... saa nane mchana, Agosti, geti la nyuma la ule ujenzi wa Al Wukair, Mutai ofisini kwenye AC na daftari la zamu, posti ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu kimya, akaita mara moja, mara moja tu, redio zenyewe mbovu, huyu atakuwa chooni, na msimamizi huyo anaingia kukagua daftari, akaandika SAWA, herufi kubwa, mwandiko safi, na saa kumi ndipo walipomkuta kando ya kibanda, redio bado iko begani, daktari akasema ni joto, akasema mngemleta mapema kwa saa mbili angepona, akamwambia Mutai peke yake, polepole...

"Wacha apike hadithi," Tom ananong'ona, "leo buda ana kitu," na Pamela anasema, "Kaka Mutai, unatuchelewesha," kaka, jina alilompa siku ile ile hospitalini, alipofika na sare yake ya uuguzi akauliza kitu kimoja tu, alijibu redio mara ya mwisho saa ngapi, na Mutai, mtu aliyehamishwa magetini mara tatu kwa kuwaambia mabosi ukweli usoni, akasema saa nane, alijibu vizuri, na tangu hapo kila Ijumaa ni chapati, angalau ulimsikia, kaka, angalau hakuteseka muda mrefu... hofu ya hawa ina mwisho, wakisimama hapa wataiacha mezani na makombo, yake haijawahi kutoka ofisi ile, tano, sema tano, mdomo tayari umejikunja kuisema, na hilo ndilo linalomtisha kuliko maiti, kwamba ni rahisi, kwamba mara ya pili ni rahisi zaidi, kwamba lile SAWA lilikuwa kikombe na amekibana kwa kiganja muda wote huu...

"Posti ya tatu," anasema Pamela, kwa upole sasa, "jibu, tafadhali," na Mutai anakiinua kikombe, nukta moja nyeusi, Gakii anavuta pumzi, "Hakujibu," anasema Mutai, "nilimwita mara moja, hakujibu, nikaandika sawa," na Tom anapiga meza kwa kicheko, "Buda, umetuweza," na Gakii anasema mimi leo silali peke yangu, lakini Pamela hajashusha kiganja mdomoni, haitazami dadu, anamtazama yeye, na kupitia vidole anauliza, taratibu kama siku ile, "Saa ngapi?"