Mwizi wa Ghorofa ya Nne

Saa ya chakula cha mchana wafanyakazi watatu wa hoteli hukaa kwenye chumba cha mashuka, migongo wameegemeza kwenye mashine ya kukaushia kwa sababu ukuta una unyevu, kila mmoja na simu yake mkononi. Wanacheza. Mchezo wenyewe ni wa mtandaoni, wa mapango na mazimwi na wafalme wabaya, na peke yako hufiki popote. Lazima muwe kikosi, kila mtu na kazi yake. Dobi, jitu la miraba minne, ni Ngao: anatangulia mbele na kupigwa. Mpiga pasi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, ni Mganga: anawatibu wenzake huku akiwatukana. Mhudumu wa vyumba vya ghorofa ya nne ni Mwizi.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mchezo, sijui aliyetafsiri alikuwa na haraka ya wapi. Mwizi huyo kazi yake hasa ni kunyata. Ukibonyeza kitufe, mtu wako anachuchumaa na kutoweka. Anapita katikati ya walinzi, anafungua lango kwa ndani, wenzake wanaingia. Bila yeye kikosi kinafia getini. Ila ana sharti moja: anaweza kuchukua kitu chochote asionekane, lakini akimpiga mtu, au akimkabidhi mtu kitu, anaonekana hapo hapo. Mhudumu alikuwa hodari wa kazi hiyo mpaka watu asiowajua walikuwa wanamwomba aingie vikosini mwao.

"Mwizi, leo umeiba nini?" Dobi humwuliza wakikutana kwenye ngazi.

"Taji la mfalme. Na soksi zake."

Jina likamganda. Mlinzi wa getini akalidaka, wapishi wakalidaka, mwisho hata kwenye redio za mkononi ukasikia: Mwizi apande ghorofa ya nne, kuna mgeni anataka mito. Walikuwa wanacheka, naye alikuwa anacheka.

Hoteli nayo ilikuwa na sharti lake. Mgeni asimwone mfanya usafi. Mgeni anataka kitanda kimetandikwa, hataki kumjua aliyekitandika. Ukisikia kitasa kinazunguka, unajibanza kwenye kabati la mafagio mpaka apite. Wanawake wenye wajukuu wao walikuwa wanajibanza humo kama mende, na hakuna aliyeona kuna ajabu yoyote. Mimi hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne moja kabati lilikuwa limefungwa na mgeni akatoka ghafla. Mhudumu hakuwa na pa kwenda. Akachuchumaa kando ya ukuta kama anavyochuchumaa mtu wake kwenye simu, akatoweka. Mgeni akatafuta pa kutundika taulo lake bichi, akamtundikia kichwani, akaenda zake.

Mchana aliwaeleza wenzake.

"Unakaa hivyo muda gani?" Dobi akauliza.

"Mpaka nisimame."

"Na magoti?" akauliza Mganga.

"Yanauma."

"Basi uwe unayachua kabla. Ujana una mwisho, shauri yako."

Meneja aliposikia alifurahi sana. Aliagiza kabati la mafagio liondolewe na mahali pake iwekwe mashine ya soda. Wahudumu wengine wakaambiwa wajifunze kwa mwenzao. Waliofaulu walifaulu, wasiofaulu wakahamishiwa kuosha vyombo.

Kisha ikapotea bangili. Ilikuwa ya dhahabu, ya mgeni mmoja mama mnene mpole aliyekuwa akiiacha juu ya meza ya kioo kila anapokwenda kuogelea. Siku ilipopotea, mhudumu alikuwa chumbani humo, amechuchumaa anachomekea shuka chini ya godoro. Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo. Akaingia meneja. Akajitazama kwenye kioo, akapangusa kitambi, akachukua bangili, akaitia mfukoni, akatoka. Hata mluzi alikuwa anapiga, jamani.

Jioni wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Meneja alisimama mbele. Mama mgeni alikaa pembeni anajifuta macho.

"Wewe," meneja akamwambia mhudumu. "Hapa kazini wanakuitaje?"

Mtu aliyeitwa hivyo kutwa nzima atajibu nini?

"Mwizi," akajibu.

"Mmesikia wenyewe," meneja akasema.

Dobi akaruka. "Bosi, hilo ni la kwenye mchezo! Kwani mimi ni ngao? Huyu mama ni mganga?"

"Wewe sijakuuliza."

Mhudumu akasema yeye alikuwepo, na aliyechukua bangili amemwona, naye ni meneja.

"Na wewe nani alikuona?"

"Hakuna. Nilikuwa nimechuchumaa."

"Kama hukuonekana, hukuwepo. Na kama ulikuwepo bila kuonekana, ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi! Si ninyi mliosema tusionekane?"

Meneja akamgeukia mgeni kwa upole, akamwomba radhi kwa kelele. Akampa mhudumu mpaka kesho awe ameirudisha, na watu wakatawanyika. Wapishi waliocheka naye asubuhi walipita mbali naye kidogo, kila mmoja ameshika mfuko wake.

Nyumbani mama yake alikuwa anakuna nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Kazi utapata nyingine," akasema. "Lakini mwanangu, mtaa huu mtu akiitwa mwizi haulizwi la pili. Jina lako likichafuka, mimi nitapita wapi? Nenda kalisafishe."

"Kwa hao, mama?"

"Kwa hao hao. Waliolichafua ndio walisafishe."

Kesho yake, watu walipokusanyika tena ukumbini, yeye hakuonekana. Meneja akasema si mnaona, ametoroka. Wakati huo alikuwa anapita mapokezi amechuchumaa, magoti yanamlilia, anaingia ofisi ya meneja. Droo ya chini haikufungwa. Mtu asiyeshukiwa anafunga droo ya nini? Bangili ilikuwa chini ya pakiti za majani ya chai. Akaichukua, akarudi ukumbini, akapenya katikati ya watu waliokuwa wanamsema.

Mganga alijua. Alihisi harufu ya dawa ya kuchua ikipita ubavuni mwake, akaelewa mwenzake anakwenda kufanya nini.

"Usimkabidhi!" akapiga kelele. "We mtoto, weka chini, usimkabidhi mtu!"

Lakini mhudumu alikuwa amekwisha kumfikia mama mgeni, na kwa kuwa alilelewa vizuri, alijua kitu cha mtu hakiwekwi chini kama mfupa wa mbwa. Akampa mkononi, kwa mikono miwili. Akaonekana hapo hapo, mbele ya watu wote, ameshika bangili ya dhahabu.

"Alhamdulillahi," akasema mama mgeni.

"Imetoka kwenye droo ya meneja," mhudumu akasema. "Droo ya chini. Chini ya majani ya chai."

"Na droo yangu umeijuaje," meneja akauliza, "kama wewe si mwizi?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali, kwa kuwa swali lilikuwa zuri. Mama mgeni akamshika meneja mkono, akamshukuru, akasema tangu mwanzo alijua ataipata. Dobi akasimama mbele ya mwenzake kama alivyozoea, wakafukuzwa wote wawili.

Hoteli iliendelea vizuri. Wageni walisifu kwamba vitanda vinatandikwa na hujaona mtu. Vitu navyo viliendelea kupotea: saa, pete, kamera ya bwana mmoja aliyekuja kufunga ndoa. Meneja hakusumbuka kumwita mtu yeyote. Alisema mwizi wao anajulikana, haonekani, bila shaka bado anaingia. Kila kilichopotea akaandikiwa mhudumu, naye yuko nyumbani anafulia watu nguo.

Ndipo siku moja asubuhi akaja askari. Mhudumu alikuwa uani na mama yake, wanaanika. Hakuwa amechuchumaa. Alikuwa amesimama wima, jua linampiga usoni, shati la mtu mkononi.

"Mwizi yuko wapi?" askari akauliza.

"Hapa hakuna mwizi, afande," mama akasema. "Kuna binti yangu. Huyo hapo."

Askari akatazama alikoonyeshwa. Akaona kamba, shati, na ukuta. Akasogea karibu, akainamia beseni, akachungulia.

"Mimi hapa, afande," mhudumu akasema. "Niulize."

Askari akasonga hatua nyingine, akapinda shingo kutazama nyuma ya mashuka.

"Afande," mama akasema, "umemkanyaga mwanangu."

"Akirudi," askari akasema bila kuuondoa mguu, "mwambie aripoti kituoni."