Siku Niliyomtembeza Tata

Watu wa Kishanda wakianza kunisifu kwamba nilimtembeza Tata, baba yangu, kabla hajafa, huwa nainuka na kuondoka. Wanadhani ni unyenyekevu. Waache wadhani hivyo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili, nami nilikuwa dereva wa lori la Lukmani, mfanyabiashara wa Bukoba mjini. Hospitali walikuwa wamemruhusu Tata arudi nyumbani. Kupona hakupona, walituambia wazi kwamba moyo umechoka. Tata akataka nimfikishe Kishanda kabla ya saa nane, maana wazee wa ukoo wangekuwa wameketi kusikiliza irage, yaani wosia wake. Kwetu wosia ulisemwa kwa kinywa mbele ya wazee, na neno ambalo hawakulisikia halikuwapo.

Basi, mimi na kichwa changu kilichovimba. Lori jipya, mzee wangu kakaa mbele kama bwana shauri. Nikamwambia, "Tata, miaka yote umepita njia hii kwa miguu, na mzigo wa kahawa kichwani. Leo utaitazama ukiwa umekaa." Akacheka. Kunikatalia jambo hakukuwahi kuwa rahisi kwake.

Tukaanzia boma la Wajerumani, pale pale mjini. Alinionyesha ukuta ambao alipokuwa kijana aliubebea mawe. "Jiwe langu limo humo," akasema, "ila sasa silijui ni lipi." Tukapita Rwamishenye, tukakunja kwenda Maruku, kuona mahali wahunzi wa kale walipoyeyusha chuma. Akaokota kipande cheusi cha taka ya chuma, akakitia mfukoni. Halafu Kanazi, kwenye nyumba ya mkama, yaani mfalme. Hapo alivua kofia, akakawia, nami nikaanza kutazama jua.

Ni hapo Kanazi aliponiambia.

"Ildefons, wewe ndiye musika, mrithi wangu mkuu, kibanja chetu utakirithi wewe. Ila upande wa chini, wenye ile mibuni ya zamani, nampa dada yako. Leo nitawaambia wazee."

Dada yangu Kokuberwa aliachwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Miaka tisa aliupalilia upande ule na kumpikia Tata. Asipotajwa, hana hata pa kupanda kiazi. Nikajibu, "Sawa, Tata." Lakini upande ule ndio uliokuwa na kahawa nzuri, na roho iliniuma, siwezi kuficha.

Saa saba ilikwisha kupita. Ningeifuata barabara kuu tungefika. Mimi nikakunja kupanda Kamachumu.

"Tukalione ziwa kutoka juu," nikasema.

"Wazee wananisubiri, mwanangu."

"Dakika kumi tu, Tata."

Tangu siku hiyo najiuliza kama niliukata usukani ule kwa kumpenda au kwa sababu nyingine. Jibu ninalo, ila silipendi.

Kule juu, akinionyesha kisiwa kimoja kwa mkono, mdomo wake ukapinda upande. Maneno yakakatika. Nikaendesha kama mwendawazimu mpaka Kishanda, lakini ya nini tena.

Wazee walikuwa bado wameketi, wanatafuna kahawa. Tukamlaza Tata. Akamtazama Kokuberwa, akanitazama mimi, akajaribu kusema, ikatoka sauti tupu. Baba mdogo Lwakatare akanigeukia mbele ya wote.

"Ildefons, umekuwa naye kutwa. Hakukuambia neno? Wewe ndiye musika. Ukilisema, tutalipokea."

Tata alikuwa ananitazama bado.

Nikawasimulia boma. Nikawasimulia Maruku na Kanazi, na lile jiwe lililopotea ukutani. Nilisimulia vizuri mno, hata wengine wakacheka. Tata akafumba macho. Siku ya pili yake tukamzika.

Matanga yalipokwisha, Kokuberwa alikunja mkeka wake aende kupanga chumba Rwamishenye. Sikumzuia. Alikuwa amekikuta kile kipande cheusi katika koti la Tata, akaja kukitia mkononi mwangu.

"Asante, kaka," akasema. "Angalau siku yake ya mwisho ulimfurahisha."